Helikopta ya Usafirishaji Iliyoongezewa Vifaa: Dalili, Chanzo na Pa Kuanzia Kutafuta

Mi-8 ya Urusi iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1961. Chinook ya Marekani nayo ilipaa mwaka huohuo. Zote mbili bado zinaundwa hadi leo, na zimedumu kwa kukubali kubadilishwa. Mi-8, iliyochorwa ibebe wanajeshi 24 na mikoba yao, imegeuzwa kuwa gari la wagonjwa, tangi la kuzima moto, winchi ya kuokoa watu mafurikoni, jukwaa la bunduki na lori la kupeleka unga kusikofika barabara. Kila kazi ilikuja na vifaa vyake, na kila kifaa kilikuja na hitilafu zake.

Tatizo ni kwamba hitilafu hizo hazisemi zimetoka kwenye kifaa. Rubani ataandika kwenye kitabu cha hitilafu "injini imechoka", "ndege nzito kwenye usukani", "mtetemo umezidi". Hiyo ya kwanza si dalili, ni hukumu, na fundi akiipokea hivyo ataanza kufungua injini isiyo na kosa. Hapa tunakwenda kwa dalili. Mfano mkuu ni Mi-17, jina ambalo Mi-8 yenye injini za TV3-117 huuzwa nalo nje, kwa kuwa ndiyo inayojulikana zaidi kwetu: Uganda na Rwanda wanazo, na misheni za Umoja wa Mataifa Congo na Sudan Kusini zimeitegemea kwa miaka. Chinook, na Puma ya Ufaransa, zitaingia pale zinapofundisha kitu. Vipimo vya kukubali au kukataa vinatoka kwenye kitabu cha ndege husika, na kikitofautiana na maelezo haya, fuata kitabu.

Haiinuki kama zamani

Kabla hujagusa bisibisi, omba karatasi ya mizani. Uliza swali moja: mara ya mwisho ndege hii ilipandishwa kwenye mizani lini, kwa kupimwa kweli, si kwa kujumlishwa kwenye karatasi? Kila kifaa kinapofungwa, uzito wake huongezwa kwenye hesabu. Lakini mabano ya kukishikilia, nyaya, rangi mpya na matope yaliyokauka chini ya sakafu mara nyingi hayaandikwi popote. Vifaa vya zamani vilivyokatwa umeme bila kutolewa pia hubaki humo, na mtu hukumbuka tu kwamba "havifanyi kazi tena". Havifanyi kazi, lakini vinabebwa.

Tufanye hesabu ya makadirio. Mi-17 inaruhusiwa kuondoka ikiwa na kilo 13,000 kwa ukomo. Tupu, tuseme ni kilo 7,500. Wahudumu watatu, kilo 270. Matangi makuu yakijaa, lita 2,615 hivi, ni karibu kilo 2,090 za mafuta. Zinabaki kilo 3,140. Askari mmoja na zana zake tumpe kilo 110: unabeba 28. Sasa funga mabamba ya kinga, vifuniko vya kupoza moshi, virushaji vya miale ya kupotosha makombora na bunduki ya mlangoni, kwa jumla tuseme kilo 600. Askari wanashuka hadi 23. Ongeza tangi moja la ziada ndani ya tumbo la ndege, lita 915: hata bila kuhesabu tangi lenyewe, wamebaki 16. Viti vya matoleo mapya vinaweza kufika 36, na yule aliyepanga safari kwa kuhesabu viti ndiye atakayekwambia kwamba injini imechoka.

Na hiyo ni hesabu ya usawa wa bahari. Goma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Mchana wenye nyuzi 27, hewa ya pale ina wepesi wa hewa ya mita 2,350 hivi kwa vipimo vya kawaida. Mapanga, yale mabawa yanayozunguka juu ya ndege, yanashika hewa kidogo, injini inavuta hewa kidogo, na ule ukomo wa kilo 13,000 unakuwa maandishi tu. Jedwali la utendaji litakupa namba ndogo zaidi kwa kuelea papo hapo. Ndege ileile iliyoridhisha Mombasa asubuhi itaonekana mgonjwa Nanyuki mchana. Kabla ya kuandika hitilafu, linganisha siku zinazofanana: urefu uleule, joto lilelile, uzito uleule. Usipopata ulinganisho huo, huna dalili bado.

Kuna dawa inayopendekezwa haraka mno hapa: badilisha injini. TV2-117 za Mi-8 ya kwanza zilitoa nguvu farasi 1,500 kila moja. TV3-117 zikapandisha hadi karibu 1,900 na baadaye 2,000. VK-2500 inafika 2,400. Kwa milimani hilo ni jibu la kweli. Uingereza nayo ilipoondoa injini za Turmo kwenye Puma zake na kuweka Makila ilipata ndege tofauti kabisa kwenye joto na miinuko, na Oryx ya Afrika Kusini, iliyozaliwa kutoka Puma, ilifuata njia hiyohiyo. Lakini anayetarajia VK-2500 imwongezee tani ya mzigo pale Dar es Salaam atakata tamaa. Nguvu za injini hupita kwenye giaboksi kuu, na giaboksi ina ukomo wake. Injini mpya inakupa uwezo wa kuendelea kutoa nguvu zilezile hewa inapokuwa nyepesi, na akiba injini moja ikizimika. Mzigo wa usawa wa bahari unaamuliwa na giaboksi, mapanga na fremu.

Inainuka, ila joto la gesi liko juu

Kwanza tazama: ni injini moja au zote mbili? Mi-17 ina kipimo cha IR-117 kinachoonyesha kila injini inafanya kazi kwa kiwango gani, na saa za joto la gesi ziko mbele yako. Zikipanda zote mbili kwa pamoja, acha kushuku injini. Ni nadra injini mbili kuugua siku moja ugonjwa mmoja. Shuku kitu kinachozigusa zote.

Cha kwanza ni vichuja vumbi, yale matufe makubwa mbele ya midomo ya injini. Vilifungwa kwa ajili ya jangwa na viwanja vya udongo, na hufanya kazi kwa kuzungusha hewa ili mchanga utupwe pembeni, kisha hewa iliyobanwa na injini yenyewe huusukuma nje. Hewa hiyo ni nguvu iliyoibwa. Vikiwashwa, injini hupoteza asilimia kadhaa na joto hupanda, kwa sababu iliyo wazi. Rubani aliyesahau kuvizima baada ya kutoka kwenye vumbi ataripoti joto. Vali iliyokwama ikiwa wazi italeta ripoti ileile huku swichi ikiwa imezimwa, na hiyo ndiyo itakayokupotezea siku. Jaribu kuwasha na kuzima ukiwa chini huku ukitazama sindano ya joto: isipotikisika, vali haifuati amri.

Cha pili ni vifuniko vya kupoza moshi. Vilikuja na vita vya Afghanistan, Warusi walipokuwa wakiwindwa kwa makombora ya begani yanayofuata joto. Stinger za Marekani zilipoingia mwaka 1986 hapakuwa na mjadala tena. Vifuniko hivi huchanganya moshi na hewa baridi kabla haujatoka. Ni vizito, vinaongeza ukinzani, na vinabana njia ya moshi kidogo. Kama ndege imehamishiwa kazi ya kugawa chakula kwenye eneo lisilo na tishio, viondoe. Naona ajabu jinsi ndege za misaada zinavyoruka miaka na mavazi ya vita ambayo hakuna aliyewahi kuyahoji.

Ikiwa ni injini moja, au zote mbili zimeshuka taratibu kwa miezi, sasa tazama kompresa. Hapa kuna magonjwa mawili yanayofanana kwa nje. La kwanza ni uchafu: chumvi ya pwani, mafuta na vumbi laini vilivyoganda kwenye visu vya kompresa. La pili ni kulika: mchanga umetafuna kingo za visu hadi vimepoteza umbo. Kuvitofautisha ni rahisi na hakuhitaji kufungua kitu. Pima nguvu kwa utaratibu wa kitabu, osha kompresa, pima tena. Nafasi ya joto ikirudi, ulikuwa uchafu, na unachohitaji ni ratiba ya kuosha ya karibu zaidi, hasa kwa ndege inayolala Mombasa au Lamu. Isiporudi, visu vimeliwa. Hakuna sabuni ya kurudisha chuma. Ingiza kamera ya uchunguzi uone.

Usicheleweshe hilo la pili. Visu vilivyoliwa huleta kupumua kinyume: hewa inakatika ndani ya kompresa, injini inatoa mishindo kama risasi, joto linaruka na mizunguko inayumba. Ukisikia mshindo wa namna hiyo mara moja tu, hata kama kila saa imerudi sawa baadaye, ndege isiruke tena kabla ya uchunguzi.

Mi-17 zinazotua kwenye viwanja vya murram kila siku zitakuonyesha ukweli mwingine: chujio linachuja sehemu kubwa ya vumbi, si lote. Likiwa na nyufa kwenye maungio, au muhuri wake umechakaa, hewa chafu inapita pembeni na chujio linabaki safi la kupendeza. Pitisha kidole nyuma ya muhuri, ndani ya mdomo wa injini. Vumbi jekundu pale ni jibu.

Mtetemo

Uliza kasi ya mtetemo kabla ya kuuliza ukubwa wake. Mapanga makuu ya Mi-17 huzunguka karibu mara 192 kwa dakika, yaani mara tatu na kidogo kwa sekunde. Mtetemo unaoweza kuuhesabu kwa mdomo, mmoja kwa kila mzunguko, una maana panga moja kati ya matano halifanani na wenzake: ama linapita juu au chini ya njia yao, ama uzito wake umetofautiana. Mtetemo wa haraka mara tano ya huo ni wa kupita kwa mapanga yote na upo siku zote. Ukizidi, tazama kitovu yanakofungwa mapanga, vifaa vya kupunguza mtetemo na mahali panapoungana fremu. Mvumo wa haraka unaosikika miguuni, kwenye kanyagio, anza na mkia: rafadha ya nyuma huenda kasi zaidi na shafti yake ni ndefu.

Kabla ya kupeleka ndege kwenye kusawazishwa kwa vyombo, tembea kwenye mapanga kwa macho na mikono. Ndege za vumbi hubandikwa kinga kwenye ukingo wa mbele wa panga. Kipande kimoja kikifunguka nusu mita, una mtetemo ambao hakuna kusawazisha kutakaoponya. Maji yaliyoingia ndani ya vipande vya nyuma vya panga hufanya hivyohivyo, na dalili yake ni mtetemo unaokuja baada ya mvua kubwa na kupungua ndege ikikaa juani.

Jambo la pekee kwa ndege zilizoongezewa vifaa: mtetemo ulioanza siku ileile kifaa kilipofungwa. Kirushaji cha miale kwenye mkia, antena mpya mgongoni au taa ya kutafutia tumboni hubadilisha uzito na ugumu wa mahali kilipofungwa, na fremu huanza kuitikia kasi ambayo awali haikuijali. Mafundi wanasawazisha mapanga wiki nzima, na mapanga hayana kosa. Kifungue, ruka bila hicho, linganisha. Ni kazi ya siku moja.

Panga la Mi-8 lina mlinzi wake: mhimili wa ndani ni bomba lililojazwa hewa yenye shinikizo, na kwenye shina la panga kuna kidude kinachotoa rangi nyekundu shinikizo likivuja. Kikionyesha nyekundu, panga linaweza kuwa na ufa. Linaweza pia kuwa na vali inayovuja tu. Tofauti hiyo imewahi kuwa ghali. Tarehe 24 Aprili 1980 Marekani ilirusha helikopta nane za RH-53D kutoka manowari Nimitz kwenda kuokoa mateka Tehran. Kima cha chini cha kuendelea kilikuwa sita. Moja iliachwa jangwani baada ya kiashiria cha panga kutoa onyo la ufa. Ya pili ilirudi ikiwa kwenye wingu la vumbi na vyombo vimekufa. Ya tatu ilifika na haidroliki iliyoharibika. Zikabaki tano, kazi ikafutwa, na wakati wa kuondoka helikopta moja ikagonga ndege ya mafuta. Wakafa watu wanane. RH-53D zilikuwa ndege za kufagia mabomu ya baharini, zikapelekwa kuvuka jangwa usiku. Wahudumu walioiacha ndege kwa ajili ya kiashiria walifuata utaratibu waliofunzwa. Lililokosekana ni mtu kukaa mapema na kuamua, kwa kazi hii, kiashiria hiki tutakichukuliaje. Uwanjani kwako jibu ni rahisi: nyekundu ni kusimama, jaza, subiri, angalia tena kwa kipimo, na chunguza mhimili. Maamuzi magumu yafanyike kabla ya safari, katika chumba chenye meza.

Inayumba ikiwa chini

Ndege imegusa ardhi, mapanga yanazunguka, ikaanza kuyumba ubavu kwa ubavu, na kila yumbo ni kubwa kuliko lililotangulia. Hapa hakuna muda wa kusoma mwongozo. Shusha mkono wa kunyanyua kabisa, punguza nguvu, na isipotulia zima; mizunguko ikiwa bado ya kuruka na nafasi ipo, kuinuka mara moja pia huvunja mlolongo huo. Ndege zimejivunja vipande kwa sekunde chache.

Kisha tafuta chanzo chini, si juu: upepo wa matairi usiolingana kushoto na kulia, miguu ya gia iliyopoteza gesi au oili, na vidhibiti vya mapanga pale kitovuni ambavyo kimojawapo kimevuja. Ndege iliyozidishiwa uzito inakalia miguu ile kwa namna ambayo aliyeijaza gesi hakuitegemea. Jaza kwa uzito wa sasa wa ndege.

Taa ya chenga imewaka

Ndani ya giaboksi kuna sumaku inayokamata chenga za chuma na kuwasha taa. Baada ya kubadilisha giaboksi au kufanya kazi kubwa, unga laini wa kijivu ni kawaida kwa muda. Vijisindano, vipande bapa vinavyong'aa, au magamba si kawaida kamwe.

Hatari iko katikati: kipande kimoja, kidogo, kisichojirudia. Mwaka 2009 Super Puma moja ya kiraia ilianguka Bahari ya Kaskazini tarehe 1 Aprili na kuua wote 16. Siku chache kabla, tarehe 25 Machi, kipande cha chuma kilikuwa kimepatikana kwenye sumaku ya giaboksi yake. Kilichukuliwa kuwa si cha hatari, na kilikuwa kimetoka kwenye gia iliyokuwa ikivunjika ndani. Miaka saba baadaye, huko Norway, ndege ya ukoo huohuo ilipoteza mapanga yake kwa gia ya aina hiyohiyo, wakafa 13, na safari hii sumaku haikutoa onyo lolote. Hizo ni binamu za Puma na Cougar za kijeshi, kwa hiyo majeshi yanayozirusha yana kila sababu ya kuzisoma ajali hizo.

Basi chenga isifutwe kwa kitambaa na kutupwa. Iwekwe kwenye bahasha, iandikwe saa za ndege na ilikopatikana, ipelekwe kupimwa chuma chake ni cha sehemu gani, na oili ikachujwe uone kama ina wenzake. Ukiwa kituo cha mbali na kuna shinikizo la kuruka, hapo ndipo utaratibu huu unapohitajika zaidi.

Fimbo haikai mahali pake

Rubani anasema akielea, fimbo ya kuongozea ndege iko nyuma sana. Ndege imekuwa nzito puani. Mabamba ya kinga yamewekwa chumba cha marubani, rada ya hali ya hewa imewekwa puani, taa ya kutafutia imewekwa chini yake, na kila kimoja peke yake kilikuwa ndani ya ukomo. Kinyume chake pia hutokea: milango ya nyuma inayofunguka kama ganda ikibadilishwa kuwa ngazi ya kushuka kwa haidroliki kama ya Mi-171Sh, kitovu cha uzito hurudi nyuma. Ndege yenye ngazi ni nzuri sana kwa kushusha askari haraka, ila mpakiaji aliyezoea ile ya zamani ataweka masanduku kwenye alama zilezile na kupata ndege nyingine. Futa alama za zamani sakafuni. Chora mpya.

Lalamiko lingine la usukani: kanyagio la kulia limefika mwisho na pua bado inaelekea kushoto. Mapanga ya Mi-17 yanazunguka mwendo wa saa ukiyatazama kutoka juu, kwa hiyo unapoongeza nguvu pua hutaka kwenda kushoto, na rafadha ya mkia ndiyo inayozuia. Ukiwa mzito, juu mlimani, upepo ukitoka upande mbaya, rafadha hiyo inaishiwa. Kama kipimo cha kanyagio kiko sawa na shafti ni nzima, hakuna cha kutengeneza. Punguza uzito au chagua mwelekeo wa kutua. Chinook haina ugonjwa huu kwa kuwa mapanga yake mawili makuu yanazunguka kinyume na kufutana, na ndiyo sababu inapendwa milimani.

Inazama wakati wa kutua, ukiongeza nguvu inazama zaidi

Hii si injini. Ndege imeshuka wima au karibu wima, kwa mwendo mdogo wa mbele, na sasa inaanguka ndani ya hewa iliyoisukuma chini yenyewe. Kuongeza nguvu kunalisha tatizo. Toka mbele au pembeni ukatafute hewa safi, ikiwa bado una urefu.

Kinachoileta mara nyingi ni uzito uliozidi makadirio, joto, na kuta. Mei 2011, kule Abbottabad, Pakistan, Black Hawk ya Marekani iliyokuwa imebadilishwa kwa ajili ya usiri ilipoteza uwezo wa kuelea ndani ya ua na mkia wake ukakalia ukuta. Mahali pa mazoezi, ukuta ule ulikuwa umewakilishwa na uzio wa seng'enge, ambao hewa hupita katikati yake. Ukuta wa kweli uliirudisha hewa kwenye mapanga.

Ukipata ripoti ya namna hii, kagua ndege kwa mshindo mgumu wa kutua, kisha rudi kwenye karatasi ya mizani ya safari ile.

Mzigo wa kamba unapepesuka

Mzigo mwepesi na mpana ndio mbaya, kuliko mzito uliojikusanya. Tangi tupu, mabati, kibanda: vinaota mbawa. Punguza mwendo taratibu. Usiifukuze pembea kwa fimbo. Ukiwa chini, tazama kama kamba ni ya urefu uliopendekezwa na kama kiungo kinachozunguka hakijakwama. Chinook huponya hili kwa ndoano tatu: ukifunga ya mbele na ya nyuma kwa pamoja mzigo hauwezi kujizungusha.

Kwa ndoo ya kuzima moto, kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja, na ndoo nyingi zina mikanda ya kubana ujazo. Rubani anayelalamika kwamba safari ya kwanza ndege ilishindwa kuinuka ziwani lakini ya tatu ikafaulu hana hitilafu: amechoma mafuta. Abane ndoo mwanzoni, ailegeze baadaye.

Na anayeshika ndoano chini asiiguse kabla haijatolewa umeme tuli kwa fimbo ya kutulizia. Umeme ule hujengwa na mapanga yakikata vumbi, na unamwangusha mtu.

Vifaa vipya, vyombo vya zamani vimechanganyikiwa

Dira imehama nyuzi kadhaa. Redio inanguruma kifaa fulani kikiwashwa. Taa za dashibodi zinawaka na kupofusha miwani ya usiku. Zima kila kilichoongezwa, kisha washa kimoja kimoja huku injini zikiwa kwenye mizunguko ya kuruka, maana umeme wa betri ukiwa chini hautakuonyesha kitu. Dira isawazishwe upya kila kifaa cha chuma au chenye mkondo mkubwa kinapofungwa karibu na kihisi chake. Mngurumo wa redio ni wa kutafuta kwenye waya wa ardhi ulioungwa juu ya rangi badala ya chuma kitupu. Kwa taa za usiku, taa moja ndogo iliyosahauliwa, hata ya kipima joto cha abiria, inatosha kuharibu chumba kizima. Tembea gizani ukiwa umevaa miwani yenyewe.

Harufu ya mafuta ndani ni jambo jingine, nalo halina kusubiri. Mwaka 2022 jeshi la Marekani lilisimamisha Chinook zake karibu 400 baada ya uvujaji wa mafuta kuwasha moto kwenye injini kadhaa. Chanzo kilikuwa pete za mpira za kuzuia uvujaji zisizo na kiwango, zilizoingia wakati wa matengenezo. Linganisha namba ya sehemu iliyo kwenye pakiti na iliyo kwenye kitabu, hata kama inaingia vizuri.

Kila kitu kinafanya kazi, na ndege hairuhusiwi kuruka

Uingereza iliagiza Chinook nane za Mk3 mwaka 1995 kwa kazi za vikosi maalumu. Zilipofika mwaka 2001 zilikuwa na chumba cha marubani kilichochanganya mitambo ya zamani na ya kidijitali, na hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba programu zake ni salama kwa viwango vya nchi hiyo. Mkataba haukuwapa njia ya kutosha ya kuona undani wa programu hizo. Ndege zikaruhusiwa kuruka tu hewa ikiwa wazi, juu ya futi 500, mahali rubani anapoweza kuongozwa na alama za ardhini. Kwa helikopta iliyonunuliwa iende usiku na chini, hiyo ni kusema ibaki bandani, na zikabaki. Mwaka 2007 ikaamuliwa vyumba vile ving'olewe na kurudishiwa vya mtindo wa zamani.

Ukikutana na dalili hii, fundi hana dawa. Tafuta karatasi tatu: cheti cha mabadiliko kutoka kwa mwenye muundo wa ndege, ripoti ya majaribio ya kifaa kikiwa ndani ya ndege hiyo (si kwenye meza), na kifungu cha mkataba kinachosema nani atatoa maelezo ya programu mkaguzi akiyaomba. Ya tatu ndiyo huwa haipo. Ikiwa ndege haijalipiwa yote, kifungu hicho bado kinaweza kuandikwa.